Seva ya wingu kuwashwa upya alfajiri wakati wa kupokea maziwa: tuifuatilie vipi, na matengenezo yake tuyapange vipi?

Mkusanyaji_Tanga (muuliza swali)

Ndugu zangu, salaam, na wakubwa wote shikamooni.

Ninasimamia mfumo wa kumbukumbu za ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga. Vituo vyetu vya kupokelea maziwa viko Muheza, Korogwe, Pangani na pembezoni mwa jiji, na kila alfajiri karani wa kituo huyapima maziwa kwa laktomita, huyapitisha kwenye mzani, kisha huingiza namba ya mfugaji na lita zake kwenye kishikwambi. Kumbukumbu hiyo huenda moja kwa moja kwenye seva ya wingu tunayoikodi, ambayo iko Cape Town, na humo ndimo mhasibu anamotolea orodha ya malipo ya kila mwezi.

Mwezi uliopita mtoa huduma aliiwasha upya seva hiyo kwa ajili ya matengenezo ya mitambo yake. Taarifa ilitumwa mapema, lakini ilikwenda kwenye barua pepe ya mtumishi aliyefungua akaunti wakati mfumo unaanza, naye alikwisha kuhamia kwingine. Taarifa ilisema kazi itafanyika kati ya 02:00 na 04:00 UTC (saa ya kimataifa), ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, yaani muda ule ule ambao wafugaji wamepanga foleni na madumu yao. Seva ilirudi baada ya dakika chache, ila kanzidata, yaani programu inayotunza kumbukumbu zenyewe, haikurudi. Programu yetu ya ufuatiliaji, ambayo kila baada ya dakika tano hupiga ping, yaani huibishia hodi seva kwa mtandao kuona kama itaitika, iliendelea kuonyesha kijani muda wote, huku makarani wakinipigia simu kwamba kishikwambi kinazunguka tu bila kuhifadhi chochote. Vituo vingine viliandika kwenye daftari. Kimoja hakikuwa na daftari, na wafugaji wake bado wanadai lita ambazo hatujui tuzithibitishe kwa kitu gani.

Ninaomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, ni vipimo gani vinavyoweza kutuambia kwa ukweli kwamba seva ni nzima, tofauti na hii ping? Pili, tufanye nini ili taarifa za matengenezo zitufikie sisi tunaohusika, na kazi ifanyike kwa saa ambayo haitawaumiza wafugaji?

Fundi_Chumbageni

Ndugu Mkusanyaji, pole kwa yaliyowakuta, na poleni zaidi hao wafugaji. Nitajibu swali la kwanza, la pili nawaachia wenzangu wanaolishughulikia kila siku.

Ping hujibiwa na kiini cha mfumo endeshi. Programu zote zinaweza kuwa zimekufa, kanzidata ikawa imezimika, na ping ikaendelea kujibiwa kama kawaida, kwa hiyo kijani mlichokiona kilikuwa kinasema kweli juu ya jambo ambalo halikuwa na faida kwenu. Afya ya seva ina tabaka kadhaa, na kila tabaka lina kipimo chake. Chini kabisa kuna mashine mama iliyoko kwenye jengo la mtoa huduma, yenye umeme wake na mtandao wake. Juu yake kuna mashine pepe mnayoikodi ninyi, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya mashine mama, na mfumo endeshi wake. Juu ya hiyo kuna kanzidata na programu ya kupokelea kumbukumbu. Watoa huduma wakubwa hukupa vipimo vya tabaka mbili za chini bila hata kuomba. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, kwa mfano, hukagua kila dakika hali ya mashine mama na hali ya mashine pepe kama vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ni muhimu sana wakati wa kutafuta dawa. Ukaguzi wa mashine mama ukifeli, mashine pepe izimwe kabisa kisha iwashwe, ili ihamie kwenye mashine mama nyingine, kwa kuwa kuiwasha upya tu kutoka ndani huiacha pale pale ilipo. Ukifeli ule wa mashine pepe, mara nyingi chanzo kiko upande wako: RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imejaa, mpangilio wa mtandao umevurugika, au faili za mfumo zimeharibika.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachojua kama karani wa Muheza ameweza kuhifadhi lita kumi na mbili za mama fulani. Hilo lazima mlipime wenyewe. Katika programu yenu tengenezeni ukurasa mdogo wa afya ambao, kila unapofunguliwa, unaiuliza kanzidata swali halisi, unaandika mstari mmoja katika jedwali la majaribio, unausoma tena, halafu ndipo unajibu kwamba mambo ni salama. Programu ya ufuatiliaji iufungue ukurasa huo kila dakika badala ya kupiga ping. Siku ile ukurasa wa namna hii ungekuwa mwekundu ndani ya dakika moja au mbili tangu seva iliporudi.

Kuna kipimo kingine ambacho binafsi ninakithamini kuliko vyote, nacho ni ukimya. Kituo cha Muheza kikiwa na kawaida ya kutuma kumbukumbu mfululizo kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, basi kupita dakika ishirini ndani ya muda huo bila kumbukumbu hata moja ni dalili kwamba kuna kitu, hata kama vipimo vingine vyote ni kijani. Huenda ni seva, huenda ni mtandao wa simu pale kituoni, huenda ni kishikwambi kuishiwa chaji. Vyovyote iwavyo, mtu apige simu kituoni. Kumbukeni tu kukifungia kipimo hicho ndani ya saa za kupokea maziwa, la sivyo kitawaamsha kila usiku, na kengele inayolia bila sababu huzoeleka hata ile ya kweli ikapuuzwa.

Kuhusu diski, msiangalie asilimia peke yake. Diski iliyojaa asilimia 85 na inayoongezeka taratibu inaweza kukaa mwaka mzima, na iliyojaa asilimia 50 inaweza kuzibwa kwa usiku mmoja na faili la kumbukumbu za matukio lililovimba. Prometheus, ambayo ni programu huria, inaweza kukadiria kutokana na mwendo wa saa zilizopita ni lini diski itajaa, na kukuarifu ikiona zimebaki siku chache. Pia ukipiga amri ya `df -h` ukaona nafasi ipo lakini programu inalalamika kwamba haipo, piga `df -i`, kwa sababu idadi ya faili nayo ina kikomo chake hata kama ujazo haujaisha.

Mwisho, chombo cha kufuatilia kisikae ndani ya seva inayofuatiliwa. Hili linaonekana wazi, lakini hufanyika sana kwa ajili ya kubana matumizi, na siku seva inapozimika chombo nacho huzimika nayo bila kusema neno.

BintiPangani

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi, ila ningependa kuongeza tabaka moja ambalo halimo kwenye jengo la mtoa huduma wala kwenye seva, nalo ni njia.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huku kwetu intaneti ikadorora au kutoweka kabisa. Seva zilizokuwa Cape Town na Johannesburg zilikuwa nzima na zinafanya kazi, ila sisi hatukuzifikia. Mtu aliyekuwa na kipimo kimoja tu kilichowekwa ofisini kwake Tanga aliona wekundu na akahisi seva imekufa. Mtu aliyekuwa na kipimo kimoja tu kilichowekwa Afrika Kusini aliona kijani na akashangaa kwa nini wateja wanalalamika.

Kwa hiyo, ndugu Mkusanyaji, wekeni vipimo viwili vinavyoufungua ukurasa ule ule wa afya, kimoja kikiwa hapa nchini na kingine nje. Vyote viwili vikifeli, shughulikieni seva. Kikifeli cha hapa peke yake, tatizo ni njia, na mtu yeyote asiiguse seva. Kuiwasha upya seva isiyo na tatizo kwa sababu njia imekatika ni kujiongezea tatizo la pili juu ya lile ambalo huwezi kulitatua, hasa kwenu ambao mmekwisha kuona kwamba kanzidata yenu hairudi yenyewe.

Mlinzi_Raskazone

Marahaba, na karibu sana. Nitalichukua swali la pili.

Watoa huduma wa wingu hutuma taarifa ya matengenezo kwa anwani iliyosajiliwa kwenye akaunti kuu, na hawana namna ya kujua kwamba mwenye anwani hiyo ameondoka. Badilisheni anwani hiyo leo hii. Iwe ni anwani ya ofisi isiyofungwa na jina la mtu, inayosomwa na watu wawili au watatu, na nywila yake ikabidhiwe kwa maandishi mtu anapohama. AWS huruhusu pia kuongeza anwani za ziada kwa ajili ya masuala ya uendeshaji, ya malipo na ya usalama, na ile ya uendeshaji ijazwe bila kukosa.

Hata hivyo barua pepe isiwe tegemeo pekee. Mashine pepe yenyewe inaweza kuuliza kama imepangiwa jambo. AWS, Azure ya Microsoft na Google zote hutumia anwani ya ndani 169.254.169.254, ambayo programu iliyo ndani ya seva huisoma ili kujua hali yake. Zinatofautiana katika muda wa kuarifu. Katika AWS tukio lililopangwa huonekana hapo likiwa na tarehe na saa zake. Azure hutoa kwa njia hiyo angalau dakika 15 kabla ya kuwasha upya. Google kwa kawaida huihamisha mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, bila kuizima, na hutoa ishara sekunde 60 kabla. Andikeni programu fupi inayosoma anwani hiyo kila baada ya dakika chache na kutuma meseji kwenye simu za wahusika ikikuta kitu kipya. Ni kazi ya siku moja kwa kijana anayejua Linux, mfumo endeshi unaotumika katika seva nyingi.

Sasa saa. Taarifa inakuja kwa UTC, ninyi mnatumia saa za Afrika Mashariki zilizo mbele kwa saa tatu, na makarani wanahesabu kwa saa ya Kiswahili. Mtu akiona 02:00 akasoma saa nane usiku, atawaambia watu walale salama. Ujumbe unaokwenda vituoni uandikwe kwa saa ya Kiswahili peke yake, pamoja na neno alfajiri, asubuhi, mchana au usiku, na hesabu hiyo ifanywe na mtu mmoja na kuhakikiwa na mwingine kabla haijatumwa.

Kuhusu kuchagua muda, si kila tukio linaweza kusogezwa. Katika AWS, tukio ambalo limewekewa tarehe ya mwisho unaweza kulipangia siku na saa nyingine kabla ya tarehe hiyo; lisilokuwa nayo halisogei. Tena kuna utaratibu wa kuweka mapema vipindi vya kila wiki ambavyo ungependa matukio ya kuwasha upya yapangwe ndani yake: kila kipindi kisipungue saa mbili, na jumla ya vipindi kwa wiki isipungue saa nne. Kama mtoa huduma wenu ni mwingine, mwandikieni mumuulize kama ana utaratibu unaofanana na huo.

Mimi ningechagua Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi jioni, ambayo ni 11:00 hadi 13:00 UTC. Najua wengi watashangaa, kwa kuwa tumezoea kusikia kwamba matengenezo hufanywa usiku wa manane. Usiku ni wa utulivu kwa benki na kwa maduka. Kwa maziwa, usiku wa manane uko karibu mno na alfajiri: kazi iliyoanza saa nane usiku ikiharibika, zimebaki saa tatu au nne kabla foleni haijaanza, fundi amelala, mhasibu amelala, na kila uamuzi unafanywa na mtu mmoja mwenye usingizi. Saa nane mchana maziwa ya asubuhi yamekwisha kupokelewa, ya jioni bado, na watu wote mnaowahitaji wako macho na simu zao zinapatikana. Epukeni tu siku zinazokaribia malipo, kwa kuwa hapo mhasibu ndiye anayeihitaji seva kuliko karani.

Kabla ya yote hayo, fanyeni zoezi. Chagueni mchana mmoja, hakikisheni bekapu ya kanzidata ipo na imewahi kujaribiwa kurejeshwa, kisha iwasheni upya seva wenyewe na mtazame nini kinarudi na nini hakirudi. Kanzidata ambayo hairudi mara nyingi ni ile iliyowashwa kwa mkono siku ya kwanza na haikuwahi kuamriwa ijiwashe yenyewe. Katika Linux nyingi za sasa amri ni `systemctl enable` ikifuatiwa na jina la huduma. Sababu nyingine ya kawaida ni diski ya ziada ambayo haikuandikwa katika faili la `/etc/fstab`, hivyo mashine inaamka bila kuiunganisha na kanzidata inakosa data zake. Rudieni zoezi kwa kuizima kabisa na kuiwasha, maana hapo ndipo mtakapojua kama anwani yake ya IP ni ya kudumu au inabadilika. Vishikwambi vikiwa vinaita anwani ya zamani, vituo vyote vitakwama kwa pamoja.

Yako pia matengenezo yenu wenyewe, ambayo hakuna mtoa huduma atakayewaarifu. Katika Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, faili la `/var/run/reboot-required` likionekana, maana yake kuna maboresho yanayosubiri seva iwashwe upya, na ni heri mkayamaliza katika kipindi chenu mlichokichagua. Vyeti vya usalama vya tovuti vya siku 90 vinavyotolewa na shirika la Let's Encrypt vinahitaji kuhuishwa, na tangu Juni 2025 shirika hilo limeacha kutuma barua pepe za kukumbusha, kwa hiyo siku zilizobaki za cheti ziwe miongoni mwa vipimo alivyovitaja Fundi.

Mkusanyaji_Tanga

Ndugu zangu nawashukuru sana, na zoezi la kuwasha upya tutalifanya wiki ijayo. Ninalo swali la nyongeza. Baada ya tukio lile baadhi ya wajumbe wa bodi wanapendekeza tuachane na wingu, tununue seva yetu na kuiweka ofisini hapa mjini, kwa hoja kwamba tutakuwa na mamlaka nayo. Wengine wanataka tulipie seva ya pili ya wingu. Bajeti inaruhusu moja tu, na kwa shida. Mngetushauri nini?

Fundi_Chumbageni

Hoja ya wajumbe ninaielewa, lakini matengenezo hayataondoka kwa kuhamisha seva. Yatahamia kwenu. Mtahitaji betri ya akiba na jenereta kwa ajili ya umeme kukatika, kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, mtu wa kubadilisha diski inapokufa, na njia ya pili ya intaneti kutoka ofisini, na hapa pwani hewa ya chumvi hula vifaa vya umeme mapema. Wajumbe waorodheshe gharama hizo zote kabla ya kulinganisha.

Nao waelezwe ahadi za wingu zina maana gani hasa. Ahadi ya asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu kukosekana kwa huduma kwa dakika 43 hivi. Kwa mashine moja pekee, ahadi ya AWS ni asilimia 99.5, ambayo ni saa tatu na dakika 36 kwa mwezi. Ahadi ikivunjwa mnarudishiwa sehemu ya malipo ya kodi ya seva. Lita za maziwa haziingii katika hesabu hiyo. Kwa hiyo mwenye seva moja ajipange kwa kudhani kwamba iko asubuhi itakayokosekana, awe ameikodi Cape Town au ameiweka Ngamiani.

Kwa bajeti ya jambo moja, fedha zielekezwe kwenye kishikwambi. Programu ibadilishwe ili karani anapobonyeza kuhifadhi, kumbukumbu ihifadhiwe kwanza ndani ya kishikwambi na risiti ya mfugaji itoke hapo hapo, kisha itumwe kwenye seva itakapopatikana. Kila kumbukumbu ipewe namba ya pekee kule kule kituoni, ili ikitumwa mara mbili kwa sababu ya mtandao kusuasua, seva itambue kwamba ni ile ile na isimwongezee mtu lita. Saa inayoandikwa iwe ya kupima maziwa, wala si ya kufika kwenye seva. Mkifanya hivyo, seva ikikosekana hata kwa saa mbili asubuhi, vituo havitasimama.

Mhasibu_Makorora

Naunga mkono, na ninaongeza jambo la upande wa vitabu. Kila siku jumla ya lita zilizoko kwenye kanzidata kwa kila kituo ilinganishwe na lita zilizopimwa kwenye tangi la kupoozea kabla gari halijapakia. Tofauti ikizidi kiwango cha kawaida cha kumwagika na cha sampuli, kumbukumbu zimepotea au zimeingia mara mbili, na mtalijua jambo hilo siku hiyo hiyo badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Jumla hiyo iwekwe kwenye dashibodi ile ile anayoitazama fundi.

Na kwa wale wafugaji wa kituo kisichokuwa na daftari, nadhani uthibitisho bado upo. Tafuteni kipimo cha tangi cha siku ile na hati ya kiwanda ya kupokea maziwa. Hapo mtapata jumla ya lita za kituo kizima, mkiondoa kumbukumbu zozote zilizowahi kuingia kabla ya seva kuwashwa upya. Lita zinazobaki zigawanywe kwa wale waliofika siku ile kwa uwiano wa wastani wa kila mmoja katika siku kumi zilizotangulia, orodha isomwe kituoni mbele yao na kila mmoja aiwekee saini, kisha iingizwe katika malipo ya mwezi huu kama marekebisho, ikiambatishwa hati zote mbili.